Chumba Nilichompangia Mama

Ndugu msomaji, tulipoachana nilikuwa nimesimama stendi ya Tabora, basi la Ulyankulu limeshamwaga abiria wake wote na mizigo yao, na mama yangu hayumo.

Kwa aliyelikosa gazeti lile nitafupisha, maana mkosi wangu hauna siri tena mkoa mzima. Naitwa Stela Manirakiza. Octavian, aliyekuwa anioe, alivunja uchumba baada ya ndugu zake wa Itetemia kusema hawawezi kuchukua binti wa Warundi wa makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu. Siku mama alipokwenda kuwasalimu walimkalisha uani, karibu na banda la mbuzi, akanywa chai peke yake. Wapo wasomaji walionitumia meseji wakinishauri nimshtaki Octavian. Wapo walionielekeza kwa mganga. Nawashukuru wote, ila mimi niliamua kujizika kwenye kazi.

Halafu mama akaugua. Uvimbe tumboni, daktari akasema apasuliwe hapa Tabora.

Nikajisemea, hapa ndipo nitakapoifuta ile chai ya uani. Nilipaka rangi chumba changu cha Mtendeni. Nilinunua godoro jipya, nikashona mapazia, kitanda nikakitenga kwa ajili yake na mimi nikajitandikia mkeka. Mama atafikia kwa mwanawe, atalala kwa mwanawe, na atatokea kwa mwanawe kwenda hospitali. Nilikuwa nimeshawaambia majirani wote.

Na basi likaja bila yeye.

"Unamngoja nani, dada?" konda aliniuliza.

"Mama yangu. Bernadeta. Amejifunga kitenge cha kijani."

"Yule mwenye kikapu cha kifuniko? Kashuka kule kona ya hospitali. Kasema ana chumba gesti."

Nilicheka kwa sauti. "Utakuwa umemchanganya na mwingine, kaka. Mama yangu hawezi kulala gesti. Mimi mwanawe nipo hapa."

"Sasa mimi nijue ya kwenu? Gesti kwa Janeti, ndivyo alivyosema. Na amelia tangu tunatoka Ulyankulu. Nilimpa maji akakataa."

Kicheko kiliniishia mdomoni.

Wasomaji wa Dar mtaniona mshamba, lakini huku kwetu mambo ni hivi. Gesti ni ya mtu asiye na mtu. Ukiwa na shangazi mjini, hata kama ana chumba kimoja na watoto wamejazana, unafikia kwake na mnabanana. Ukiwa na mwanao ndiyo kabisa. Mzazi akilala gesti katika mji anaoishi mwanawe, watu hawaulizi kama chumba kilikuwa kizuri. Wanauliza mtoto amemfanya nini.

Nilipiga simu ya mama. Imezimwa.

Nilikuwa namfahamu Janeti huyo. Gesti yake ipo kwenye tovuti yetu. Mimi mwenyewe ndiye niliyempiga picha amesimama mlangoni na ufunguo mkononi, nikamwambia atabasamu.

Hapo nikaanza kukumbuka nilichokifanya jana ofisini.

Niwaambie kazi yangu, ili mjue nilivyojichimbia shimo kwa mikono yangu na kwa mshahara juu. Kuna tovuti ya kutafutia hoteli na nyumba za wageni, inaitwa Tuamzigo. Bosi aliipa jina hilo kwa sababu ya wapagazi wa zamani, wale waliokwenda pwani na meno ya tembo mabegani wakirudi na vitambaa, na Tabora ndiyo iliyokuwa mahali pa kutua mizigo na kunyoosha shingo. Inaorodhesha vyumba kuanzia huku hadi Urambo, Kaliua na Kigoma. Mimi niliajiriwa kuibuni upya, mtu wa kawaida aweze kuitumia bila kutokwa jasho.

Maana ile ya zamani ilikuwa kichekesho. Iliundwa na watu wa mbali. Ilimwuliza mkulima wa tumbaku kama angependa chumba kinachotazama bahari.

Basi nikaanza kuwakalisha watu chini, mmoja mmoja, nikiwapa simu watafute chumba nikiwatazama. Kazi hii ina mwiko mmoja. Humsaidii mtu. Humshiki kidole. Unakaa kimya, unatazama anakwama wapi.

Wa kwanza alikuwa mzee Masolwa, mkulima wa Urambo.

"Mzee, jifanye unakuja Tabora. Tafuta chumba. Mimi sipo."

"Haupo vipi na mimi nakuona?"

"Namaanisha sitakusaidia. Wewe sema tu unachowaza."

"Nawaza ungenisaidia."

Nikabana meno. Akasogeza skrini, akaisogeza tena. "Hizi nyota za nini?"

"Unadhani ni za nini, mzee?"

"Sijui. Mimi sitafuti nyota. Nataka kujua kama maji yanatoka. Na kama nimeleta mgonjwa, mwenye nyumba ataniruhusu nimchemshie uji? Na nikishuka kwenye gari sina ndugu, nani atanipokea?"

Siku ile tulizifuta nyota. Badala yake tukaweka swali: Unakuja kwa ajili ya nini? Hospitali, msiba, kuuza tumbaku, kumwona mwanafunzi. Na chini yake swali la pili, nililolibuni mimi na kulipenda kuliko yote: Una ndugu wa kukupokea? Ndiyo. Hapana. Ukibonyeza Hapana, mwenye gesti anapata taarifa, anatoka mwenyewe mpaka barabarani kukupokea na kukubebea mzigo.

Tulipofika kwenye meseji ya kuthibitisha chumba, mzee Masolwa aligoma kabisa. Ile ya zamani ilisema maombi yako yamepokelewa, ikamalizia na namba ndefu.

"Huyu anayeongea ni nani?" aliuliza. "Hana jina? Mtu asiye na jina mimi simfuati. Ndivyo watu wanavyoibiwa."

Nikaenda nikaiandika upya. Nikaiandika kama binti anayemwandikia mzazi wake. Nikaweka jina langu. Niliwasomea watu sokoni, niliwasomea stendi, kila mmoja akasema, aa, huyu sasa ni mtu. Bosi alinisifu mbele ya ofisi nzima, na kichwa kikavimba. Baada ya Octavian, nilikuwa na njaa ya kusifiwa.

Nikiwa pale stendi nilimpigia Amon. Amon ndiye fundi wetu wa programu, kijana mpole asiyejua kusema uongo hata wa kumfariji mtu.

"Amon, ile namba ninayojaribia mimi."

"Ya mama yako? Ndiyo."

Nilikuwa na desturi hiyo. Kila nilipojaribu ukurasa mpya ilibidi niandike jina na namba ya simu ya mgeni, na namba pekee ninayoijua kwa kichwa ni ya mama. Niliandika Bernadeta, niliandika namba yake, mara nyingi mno. Hakuna kilichotokea hata mara moja, kwa sababu meseji zilikuwa zimefungwa. Zilikuwa zinaonekana kwenye kompyuta ya Amon tu, haziendi kwa mtu.

"Meseji bado zimefungwa, sivyo?"

"Hapana. Si tulizifungua bosi alipotaka kuona simu ikilia mezani?"

"Nilidhani umefungulia simu ya bosi peke yake!"

"Nilifungua zote, Stela. Ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ulipiga makofi."

Ni kweli. Nilipiga makofi.

"Kwa hiyo jana, nilipojaribu njia ya mgonjwa..."

Amon alitafuta kwanza. Nikasikia anabonyeza bonyeza. "Imekwenda," alisema. "Kwake na kwa Janeti. Nikusomee?"

"Usinisomee."

Alinisomea. Nimewaambia, hajui kumfariji mtu.

"Mama Bernadeta, karibu Tabora. Ni mimi, Stela. Nimekupatia chumba kizuri kwa Janeti, karibu na hospitali. Usipate tabu ya kunitafuta mjini, nenda moja kwa moja, Janeti atakupokea. Pole kwa safari."

Yale maneno ya usipate tabu ya kunitafuta niliyaweka kwa sababu wageni walikuwa wanashuka kwenye basi wanakuja kutuuliza ofisini. Nilijiona mwerevu sana nilipoyaandika.

Nilikaa chini pale pale stendi, kwenye vumbi, na gauni langu la kumpokelea mama. Mama mmoja muuza karanga akaniuliza kama nimefiwa.

Saa nzima ilikuwa imepita bodaboda iliponifikisha kwa Janeti. Nilimkuta uani anachagua mchele, mwanamke mpana wa Kinyamwezi, mchangamfu, mwenye kuongea na wageni kama aliwazaa yeye.

"Stela wa Tuamzigo!" alinipokea. "Mgeni wako amefika salama. Nilimfuata mpaka barabarani kama mnavyotaka. Meseji zenu za sasa ni nzuri, jamani. Utadhani mtu anamwandikia mama yake."

"Ni mama yangu, dada Janeti."

Alicheka. Kisha akanitazama, akaacha kucheka. Aliweka ungo chini.

"Mama yako wa kukuzaa?"

"Wa kunizaa."

"Na wewe unakaa Mtendeni pale? Na umempeleka gesti?"

Nyuma yake, juu ya meza ya jikoni, nilikiona kikapu cha mama, kile cha kifuniko chenye ncha walichokuja nacho wazee kutoka Burundi, wanachopelekea zawadi. Kifuniko kilikuwa pembeni. Mtungi wa asali ulikuwa umeshatolewa, michembe ya viazi vikavu imeshamiminwa kwenye beseni, na kuku alikuwa amefungwa mguu mlangoni anadonoa mchele wa Janeti.

Kwetu mgeni hafiki mikono mitupu, na zawadi anamkabidhi mwenyeji wake. Mama alikuwa ameshamkabidhi mwenyeji wake.

"Nilimkatalia," Janeti alisema kwa sauti ndogo. "Akaniambia, wewe ndiye uliyenipokea. Nitafanyaje, mdogo wangu?"

Mama alitoka chumbani aliposikia sauti yangu. Alikuwa amekonda, na macho yamevimba. Nilipiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamgeukia Janeti. "Naomba kiti, mama. Mgeni amekuja kuniona."

Mgeni! Nimetukanwa na ndugu wa Octavian kwa kila jina linalotamkika, lakini hakuna lililonichoma kama hilo.

"Mama, twende nyumbani. Kitanda chako kipo. Nimekushonea mapazia."

"Hapa pazuri," alisema. "Maji yapo. Ni karibu na hospitali, kama ulivyosema."

"Sikusema mimi! Ni mtambo, mama. Nilikuwa najaribu tovuti ofisini, meseji ikatoka kwa bahati mbaya."

"Mtambo unajua jina langu?"

"Niliuandikia mimi."

"Unajua kwamba naumwa, nakuja hospitali?"

"Niliuandikia mimi, mama, lakini..."

"Na yale ya kwamba nisikutafute mjini?"

Kila nilichojibu kilizidi kunifunga kamba.

"Simu yangu haionyeshi vizuri," mama aliendelea taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Nilimpa Recheli anisomee, yule mke wa katekista. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamekaa kwangu wanajaza kikapu. Huyu kaleta karanga, huyu kaleta asali, wanasema mpelekee Stela, mwambie tunamwombea. Recheli akasoma kwa sauti. Alipofika katikati akapunguza sauti, lakini walikuwa wameshasikia. Wakaendelea kujaza kikapu."

Nilianza kulia. Sioni aibu kuliandika.

"Nikasema, huenda ana mgeni wa heshima nyumbani kwake. Au Octavian amerudi, na hataki anione." Alijifuta uso na ncha ya kitenge. "Wale wa Itetemia kuniweka uani sikuumia sana. Ni watu baki. Nilikuja nchi hii nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Watu wa ofisi wakatupangia kijiji, wakatupangia kiwanja, wakatuambia fikeni lini na mkae wapi. Maisha yangu yote kuna mtu na karatasi yake anayenipangia pa kulala. Nikasema sawa. Nina mtoto, na siku nikienda kwake sitapangiwa na mtu. Nitabisha hodi tu."

Janeti alikuwa amesimama na kiti mikononi, amesahau kukiweka.

"Nionyeshe huo mtambo," mama alisema.

Nilitoa simu. Nikafungua Tuamzigo, ule ukurasa wetu mpya wa rangi ya udongo niliouhangaikia mpaka nikaota nao. Mama alinisogelea akatazama kidole changu. Hakusaidia wala hakuuliza. Alikaa kimya kama mimi nilivyowakalia kimya wengine wote, na safari hii aliyekuwa anajaribiwa ni mimi.

Nikaandika jina. Nikaandika namba. Unakuja kwa ajili ya nini? Nikabonyeza Hospitali.

Una ndugu wa kukupokea?

Kidole kilisimama.

"Endelea," mama alisema. "Hapo jana ulibonyeza wapi?"

"Mama, nilikuwa najaribu tu. Bila hivyo taarifa haiendi kwa mwenye gesti, tusingejua kama inafanya kazi."

"Sijakugombeza. Nionyeshe."

Nikabonyeza Hapana.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona ni hiyo hiyo aliyoitegemea. Kuku alikuwa bado anadonoa. Nilitaka aniseme. Nilitaka anipige hata kofi, kama zamani nilipoacha mbuzi waingie shambani kwa watu.

Badala yake alinishika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, kwa Kirundi, lugha anayoitumia kwangu anaponihurumia. "Nimeelewa. Hukukusudia. Mungu anajua hukukusudia. Lakini nimelia njia nzima, na mwili umechoka. Niache nilale hapa leo."

"Nilale na wewe basi. Hapa chini."

"Nenda nyumbani, Stela. Kesho asubuhi njoo hospitali. Nikitoka salama nitakuja kwako, nitalala kwenye hicho kitanda na hayo mapazia nitayaona."

"Kweli mama?"

"Nimewahi kukudanganya lini?"

Kisha akaenda jikoni akakichukua kikapu, akakifunika vizuri, akanipa. Kilikuwa chepesi.

"Hivi vitu nimeshampa mwenye nyumba, sivichukui tena. Lakini kikapu ni cha jumuiya. Kijaze chochote utakachopata. Nikirudi nacho kikiwa na kitu, watajua nilifikia kwako. Wataacha kusema."

Niliondoka pale na kikapu kitupu kichwani, nikijiona nimesamehewa nusu. Nusu nyingine nilijiambia nitaichuma kesho.

Nilizunguka soko lote. Nilinunua mchele, sukari, sabuni za kipande, majani ya chai, na doti ya khanga kwa ajili ya mke wa katekista, ili pale alipopunguza sauti, safari hii aipaze. Bosi alipiga simu akitaka nikamwonyeshe ukurasa mpya mwakilishi wa wafadhili. Nikamwambia ukurasa unafanya kazi, unafanya kazi kuliko anavyofikiria, na nikakata.

Asubuhi nilifika hospitali na kikapu kimejaa mpaka kifuniko hakishuki. Nilimkuta Janeti amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, amejitanda khanga.

"Mwangaluka," alinisalimu kwa Kinyamwezi.

"Mama yuko wapi?"

"Wameshamwingiza. Daktari amewahi, kuna mgonjwa mwingine alikuwa aanze akaahirishwa. Tulipofika tu walimwita. Alikuulizia, Stela. Aliangalia nyuma mpaka mlango ukafungwa."

"Mbona hukunipigia?"

"Nimekupigia. Simu yako inasema inatumika."

Ilikuwa kweli. Njia nzima nilikuwa nabishana na Amon, namlazimisha alifute jina la mama kwenye mtambo, na yeye ananieleza kwamba mgeni akishapokelewa hafutiki.

Nilikaa. Kikapu nilikipakata mapajani. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia akizinduka, mengine ya utani, kwamba kuanzia leo namba ya kujaribia itakuwa ya Octavian, alale gesti zote kutoka hapa hadi Ujiji. Nilijua angecheka na kushika mshono.

Janeti akanigusa mkono. "Kuna jambo nikuambie usije ukasikia kwa wengine. Jana tulipopita kumwandikisha, kabla wewe hujaja, walimwuliza ndugu wa karibu ni nani. Wakati ule sikujua kama ana mtoto hapa."

"Akasemaje?"

"Alikuwa bado na ile hasira ya njiani, mdogo wangu. Alisema hana mtu Tabora. Mapokezi wakasema lazima awepo mtu. Akanitaja mimi." Alinibana mkono zaidi. "Usiku aliniambia asubuhi tubadilishe, liandikwe jina lako. Tulikuja na nia hiyo. Ila walikuwa na haraka, wakamchukua moja kwa moja."

Nilimwambia si kitu. Nilisema jina ni jina tu, tutabadilisha akitoka. Nadhani hata nilitabasamu.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka mapema, mapema kuliko walivyotuambia. Akatoka muuguzi, barakoa ameishusha kidevuni.

"Ndugu wa Bernadeta Manirakiza!"

Niliruka juu na kikapu changu. "Mimi hapa!"

"Wewe ndiye Janeti?"

"Mimi Stela. Mwanawe."

Aliniangalia, akaangalia benchi. "Mgonjwa alisema hana mtoto hapa. Nimeelekezwa niongee na Janeti."

"Ni mama yangu! Dada, niangalie uso, tumefanana!"

"Naelewa, dada, lakini daktari anamngoja Janeti. Sasa hivi. Tafadhali."

Janeti aliinuka. Alinitazama kama anayeomba ruhusa, na mimi nikamwonyesha mlango kwa mkono, apite, awahi, asipoteze muda kwa ajili yangu. Kwenye ule mlango kulikuwa na kioo kidogo. Nilisogea nikachungulia.

Nilimwona daktari akiongea. Nilimwona Janeti, mwenye gesti, akisikiliza habari za mama yangu, akiitikia kwa kichwa, mara moja, mara nyingine. Nilimwona akiuliza kitu na daktari akitazama chini. Kisha Janeti akaivua khanga aliyojitanda, akaikunja, akajifunga kiunoni kama wanawake wanavyojifunga penye msiba.

Alipotoka hakunitazama usoni. Alikuja akakifuta kile kiti cha benchi kwa kiganja, pale nilipokuwa nimekaa mwanzo, kama anavyowafutia wageni wake viti.

"Kaa kwanza, mdogo wangu," alisema.

Nilibaki nimesimama, kikapu mikononi.